Kiberiti cha Hatua Mia

Mtu akikuambia marehemu Mihayo wa Kiseke alipiga kiberiti kwa hatua mia, usibishane naye. Mwambie ndiyo, alikipiga. Halafu muulize: kwa risasi ngapi? Hapo utamwona anakohoa, anakuna kidevu, anakumbuka kwamba ameacha ng'ombe kwenye mtama wa watu.

Dorotea, mjane wa Mihayo, aliijua idadi hiyo kuliko mtu yeyote, maana siku ile alikuwepo. Ilikuwa pakti nzima ya risasi. Zilipobaki chache za kushika kiganjani, kiberiti kikaruka, Mihayo akacheka mpaka akakaa chini. Basi. Habari yenyewe ni hiyo, haina mkia wala pembe. Lakini ilifika kilabuni, na habari ikifika kilabuni ujue imepata walezi wapya. Kwanza zikapotea zile risasi nyingine zote, akabaki Mihayo na risasi moja. Msimu uliofuata kiberiti kikawa njiti. Siku ya msiba, Dorotea akiwa ameketi mkekani na kanga kichwani, alimsikia bwana mmoja nje ya dirisha akiapa kwa jina la mama yake kwamba Mihayo alikuwa akiiwasha njiti kwa risasi, kisha anawashia sigara. Jamani! Mjane wa watu analia, na papo hapo kicheko kinampanda. Ikabidi ajifunike uso, wanawake wakadhani uchungu umemzidi, wakaongeza vilio.

Si kwamba hakuwahi kuwaambia. Aliwaambia tangu mwanzo, wakati Mihayo mzima na anaendelea kununuliwa pombe kwa ajili ya kiberiti hicho. Wakamjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya shabaha. Mihayo mwenyewe alikuwa anacheka tu na kunywa. Ungekuwa wewe ungekataa?

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ile ya pointi mbili-mbili, risasi yake nyembamba kama penseli. Mihayo aliinunua kihalali kwa mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa bunduki ya tembo wala ya majambazi. Ilikuwa bunduki ya ngedere. Wanaoiona Kiseke ya leo na nyumba zake watashangaa, lakini miaka ile, pamba ilipoanza kununuliwa na kila mwenye lori na viwanda vya minofu ya samaki vilipokuwa vinaota ziwani, huku juu kulikuwa bado na mashamba katikati ya mawe. Na mawe yale yalikuwa na wenyewe. Ngedere wanashuka asubuhi, wanakata mahindi mabichi, wanauma moja wanatupa matatu, wanakutazama usoni bila haya. Ukipiga debe wanakusikiliza kama watu walioko kwenye ngoma.

Mihayo alipoanza kuumwa kifua, Dorotea ndiye aliyeishika bunduki. Misimu mitatu alilinda shamba peke yake, na katika misimu hiyo alijifunza bunduki ile kama mtu anavyojifunza tabia ya mkwewe. Kwa hatua hamsini, ngedere akiwa ametulia, hakosi. Ikizidi hapo, anaanza kuingia wasiwasi. Hatua mia, anaiteremsha na kuiacha, kwa sababu kirisasi kile kidogo kinachoka njiani, kinaanza kushuka, na upepo wa ziwani unakisukuma utakavyo. Tena siku zile risasi zilikuwa zinakuja za kila nchi madukani, na kila pakti na akili yake: hii inapiga juu kidogo, ile inapiga kushoto. Ukimjeruhi ngedere akaenda kufia kwenye mapango, hujalinda shamba, umeongeza dhambi.

Sasa Mihayo amekufa, na ndugu yake mdogo anaitaka bunduki.

Huyo ndugu mdogo aliitwa Chenge. Alianza na marobota ya mitumba, akahamia misumari na mabati, na sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Nyakato, lenye mlango wa chuma na mlinzi mwenye rungu. Neno lake lilikuwa moja: ruksa. Ukimuuliza mbona anajenga barabarani, ruksa. Mbona anauza simenti yenye mabonge, ruksa, soko huria, mwenye macho haambiwi tazama. Mlinzi wake alihitaji kitu cha kutisha zaidi ya rungu. Hilo alilisema wazi. Ambalo hakulisema, Dorotea alilijua: kule chini watu walikuwa wameanza kuulizia viwanja Kiseke, na shamba la kaka yake lilikuwa mahali pazuri pa kuonea ziwa. Bunduki ikiondoka, ngedere watamaliza mahindi. Mahindi yakiisha, mjane na watoto wanne watakula nini? Watarudi kwa wajomba zao. Na shamba lisilo na mtu linauzwa.

Kwa hiyo usidhani ugomvi ulikuwa wa chuma. Ulikuwa wa pa kulala.

Ukoo ule ulikuwa na desturi. Mwanaume akifa, upinde wake haulali ndani. Matanga yakiisha wazee wanakaa uani, upinde unatolewa, unakabidhiwa mrithi mbele ya watu, na mrithi ni mwanaume. Mihayo hakuacha upinde, aliacha bunduki, basi wazee wakaihesabu kuwa upinde. Polisi nao walikuwa wamesema: ukoo ukubaliane juu ya jina moja, jina hilo lije na bunduki, ndipo mambo ya leseni yaendelee. Wao hawakutaja mwanaume wala mwanamke.

Dorotea akalishika neno hilo.

"Shikamoo baba," alimwambia mzee Luhende, siku wazee walipokaa. Luhende alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Mihayo, ndiye mwenye neno la mwisho.

"Marahaba mama Malimi. Sema tukusikie."

"Bunduki ninaiomba mimi. Ndiyo inayolisha wajukuu zako. Na wanaojua kuitumia hapa hawazidi mmoja."

Uani pakawa na mguno. Chenge, kwenye stuli yake, alicheka kwa pua. "Shemeji, upinde wa ukoo unashikwa na mwanamke? Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa Nyakato unauza mabati na mimi niko hapa nafukuza ngedere, shemeji."

Wanawake waliokuwa jikoni wakachekelea chini chini. Jirani yake Dorotea aitwaye Adongo, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa anauza dagaa njia panda, yeye hakujua kucheka chini chini. Alicheka kwa sauti ya kuvukia mto, mpaka mzee mmoja akamtazama.

"Kaka alikuwa mtu wa shabaha," akasema Chenge, sasa amesimama. "Kiberiti kwa hatua mia! Nani hapa hajui? Bunduki ya mtu kama yule haiwezi kwenda kwa mtu wa kutishia nyani. Iende kwa atakayepiga kama yeye. Wekeni kiberiti, hatua mia. Mimi nitapiga. Shemeji naye apige, kama anaweza. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Jambo lilikuwa limepata sura ya mchezo, na mchezo hauna lawama.

"Baba, hapana," akasema Dorotea. "Hilo si jaribio, hiyo ni bahati nasibu. Bunduki ile haina uwezo wa kiberiti kwa hatua mia. Hata ukimpa malaika aishike. Ikipiga imebahatisha. Tuwekeeni boksi kubwa la sabuni, kila mtu apige risasi tano, tuyatazame matundu yote. Aliyeyakusanya karibu karibu ndiye anayejua. Lile lililokwenda pembeni nalo lihesabiwe."

"Lililokwenda pembeni lina kazi gani?" akauliza mzee mmoja, kwa kushangaa kweli kweli.

"Ndilo linalokuambia bunduki ikoje, baba. Tundu zuri moja linakudanganya."

"Yaani unasema Mihayo alibahatisha?"

"Alibahatisha. Nilikuwepo."

Loo! Alijua amekanyaga pabaya kabla hajafunga mdomo. Mtu hajamaliza miezi mitatu kaburini, na mkewe mwenyewe anampunguza kimo mbele ya ukoo. Mzee Luhende alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Aliyekuwa akimwonea huruma Dorotea aliacha.

"Marehemu hakupiga boksi la sabuni," akasema Luhende. "Alipiga kiberiti. Risasi tatu kila mtu, kama mafiga. Akipiga mmoja wenu, bunduki ni yake. Mkikosa wote wawili, inakwenda inakokwenda upinde. Jumapili, baada ya kanisa."

Ukitazama vizuri, Chenge alikuwa ameshashinda. Akipata, ameshinda. Wakikosa wote, ameshinda. Dorotea aliliona hilo, damu ikamchemka, na akasema maneno ambayo Adongo aliyarudia njia panda wiki nzima: "Mimi nitakuja. Lakini msije mkasema nilikubali. Sikukubali, na sikubali."

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu," Adongo alimwambia walipokuwa wakitoka. "Si ungenyamaza tu kuhusu hicho kiberiti? Ungelia kidogo, ukasema mume wangu simba, mume wangu simba. Wazee wanapenda hayo."

"Nikisema alipiga kwa risasi moja, Adongo, na mimi nitatakiwa nipige kwa risasi moja. Uongo wao ndio unaotaka kunifukuza. Niulishe tena?"

Adongo akafikiri. "Basi lia bila kusema kitu," akasema, na wote wawili wakacheka, ingawa Dorotea hakuwa na kicheko tumboni.

Jumapili ilifika na watu. Waliotoka kanisani walikuja na nguo zao za kanisani, ambao hawakwenda kanisani walikuja na pombe. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuhakikisha usalama, akakaa kivulini. Mahali palikuwa palepale pa siku ya Mihayo: bonde lenye nyasi fupi, upande wa mwisho kichuguu kikubwa cha kupokea risasi, mbele ya kichuguu kisiki, juu ya kisiki kiberiti. Kutoka mstari wa kupigia, kiberiti kilionekana kama chawa kwenye shati. Wengine hawakukiona kabisa, lakini waliitikia kwamba wanakiona.

Chenge alifika na saa mpya na kanzu nyeupe. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na chale mbili mbichi. Habari ilishazunguka: alikwenda kwa mganga upande wa Magu akachanjiwa dawa ya shabaha, ileile wanayotumia wacheza ngoma kuwavuta watazamaji, ila hii imegeuzwa kidogo ili ivute risasi. Ulizia kwa wenyewe. Mimi nasema tu kwamba chale zilionekana, na yeye hakuzificha.

Dorotea alimkabidhi bunduki. Mikono yake haikutaka kuiachia, akailazimisha.

Chenge alilala kifudifudi, kanzu na yote, akalenga sana. Pwa! Bunduki ile haina kishindo, inalia kama mtu aliyepiga makofi mara moja. Vumbi likaruka kwenye kichuguu, juu, mbali na kisiki. "Ya kuonja!" mtu akapiga kelele. Ya pili, pwa, hakuna aliyeona kitu chochote, si vumbi, si jani. Hiyo ilikwenda inakojua yenyewe. Chenge akafuta jasho, akazibusu zile chale, akalenga tena.

Ya tatu, kiberiti kikaruka.

Wewe! Bonde lilipasuka. Vigelegele, miluzi, kofia hewani. Mzee mmoja alicheza hatua mbili za ngoma akashikwa kiuno. Walikimbia mpaka kisikini, wakarudi na kiberiti kimetobolewa pembeni, njiti zinamwagika, wakampa Chenge akakiinua juu. "Damu ya Mihayo!" walisema. "Damu haipotei!" Na Chenge, uso umemng'aa, alianza kuamini. Hilo Dorotea aliliona waziwazi. Mtu aliyelala kifudifudi akiwa na hofu, alisimama akiwa mpiga shabaha.

"Zamu yako, mama Malimi," akasema Luhende, kwa sauti ya kumalizia.

Dorotea alimwomba Adongo boksi. Wakalikunjua, wakalisimamisha nyuma ya kisiki, kiberiti kingine mbele yake. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Aliusikia kwenye sikio la kushoto, akasogeza shabaha kidogo upande huo, akapandisha kidogo kwa ajili ya ile kuchoka, akavuta pumzi, akatoa nusu. Pwa. Pwa. Pwa. Hakuharakisha na hakubusu kitu.

Kiberiti kilikuwa kimesimama palepale kama mwenye nyumba.

Kicheko kilichoanza hapo hakikuwa kibaya, kilikuwa cha watu walioshiba raha. Walipoleta boksi matundu yote matatu yalikuwa yamepazunguka mahali pa kiberiti, ungeweza kuyafunika kwa sahani ya wali. Dorotea aliliinua. "Tazameni. Hivi ndivyo bunduki hii ilivyo kwa hatua mia, mkono ukiwa mzuri. Sahani. Zitakaa ndani ya sahani, lakini ndani ya sahani pale ni wapi, hajui mtu. Na zako, shemeji? Ya kwanza ilikuwa juu mkono mzima. Ya pili iko wapi? Nionyesheni."

"Ya pili ya nini, na ya tatu imepata?" akasema Chenge. Watu wakapiga makofi.

"Mama Malimi," akasema Luhende, na sasa alikuwa amechoka naye, "umeshindwa. Kubali. Kiberiti kimepigwa, watu wameona kwa macho yao."

Hapo Dorotea alihisi kitu kinamwacha. Labda ni adabu. Misimu mitatu ya kuamka na umande, mume anakohoa ndani, watoto wanasubiri uji, halafu mtu anakuja na chale mbili na risasi moja iliyopotea njia ikaangukia kiberiti, anachukua kila kitu, na watu wanapiga makofi. Alitaka kulia. Badala yake akafungua pakti, akatoa risasi moja, akamwekea Chenge kiganjani.

"Kwa hiyo unajua kupiga kiberiti kwa hatua mia, shemeji."

"Si umeona?"

"Nimeona. Nataka kuona tena."

Akachukua kiberiti kipya, akaanza kutembea. Watu walidhani anakwenda kukiweka atarudi. Alikiweka juu ya kisiki. Kisha akazunguka, akasimama kando yake, kiuno chake na kiberiti vimeachana kama upana wa viganja viwili, akawageukia.

"Haya!" aliita. Sauti ilifika vizuri kabisa. "Piga! Si dawa ipo? Si damu ya Mihayo? Kiberiti hicho hapo, mimi niko hapa. Ukijua unachofanya sitaguswa hata kanga!"

Kwanza walicheka. Halafu kicheko kikakatika, kila mtu kwa wakati wake. Adongo alipiga yowe kwa Kijaluo, akaanza kukimbia, watu wawili wakamkamata. Mwenyekiti wa mtaa aliinuka kivulini akakaa tena, hajui sheria inasemaje.

"Dorotea toka hapo!" aliita Luhende. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Sitoki! Mlisema watu wameona kwa macho yao! Basi kama mnaamini macho yenu mwambieni apige!"

Usidhani alikuwa jiwe. Aliona mtutu mdogo kule mbali, nukta tu, na nyuma yake nguo nyeupe. Akawaza watoto. Akawaza: huyu mpumbavu anaweza kweli kupiga, kwa sababu ameanza kuamini. Hilo ndilo lililomtisha, si bunduki. Lakini hakusogea. Angesogea, angeondoka Kiseke yeye na wanawe na godoro kichwani, na hilo lilimtisha zaidi.

Chenge, bunduki mkononi, alilala chini. Aliweka risasi. Akalenga.

Alilenga muda mrefu. Watu walimwona akifuta kiganja kwenye kanzu, akarudisha mkono, akautoa tena. Mzee Luhende alikuwa amesimama juu ya kichwa chake, midomo wazi. Angeweza kumzuia. Baadaye wengi walijiuliza kwa nini hakumzuia, na nadhani ni kwa sababu na yeye alikuwa anataka kujua.

Chenge akainua kichwa kutoka kwenye kitako cha bunduki. "Upepo," akasema.

Watu wakageuka kutazama nyasi.

"Upepo umezidi," akasema tena, polepole. "Naweza nikampiga yeye."

"Si ulisema unajua?" mtu akauliza nyuma. Hakuwa anadhihaki. Aliuliza kama mtu aliyeanza kuamka.

Chenge akaiacha bunduki kwenye nyasi, akasimama. Kanzu ilikuwa na tope la magoti, chale moja imefunguka inavuja kidogo. Hakumtazama mtu. Alipita katikati yao, na walimpisha kama wanavyompisha mgonjwa.

Dorotea alirudi taratibu. Aliinama, akachukua bunduki, akatoa risasi iliyokuwa ndani akaitia mfukoni. Adongo alimkumbatia na kumpiga mgongoni kwa ngumi wakati huohuo, anamtukana, analia.

"Hakuna wa kupiga," Dorotea akamwambia Luhende, anahema. "Hata mimi nisingepiga, baba. Umsimamishe adui yangu pale, sipigi. Ndiyo maana ninaistahili."

Mzee alitazama boksi lenye matundu matatu chini, akaligeuza kwa fimbo, akaligeuza tena. "Jumatatu tutakwenda polisi," akasema mwishoni. "Nitawaambia jina lako. Wakiuliza upinde, nitasema ukoo wetu una wajinga wengi, mmoja ni mimi."

Hapakuwa na vigelegele. Watu walikuwa wamesimama tu, kwa huzuni fulani, kama walioibiwa kitu ambacho hawakujua kama ni chao. Na yule bwana wa msibani, wa njiti na sigara, ndiye aliyethubutu kuliuliza.

"Kwa hiyo mama Malimi," akasema, kofia mkononi, "yaani Mihayo wetu... alikuwa anatudanganya?"

Dorotea alimtazama. Hasira yote ilikuwa bado inamchemka, ila ilikuwa imepata pa kwenda.

"Mihayo hakumdanganya mtu. Nyinyi ndio mlikuwa mnamnunulia pombe ili adanganye. Mnataka kujua siku ile ilikuwaje? Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuweka viberiti. Na kila nikishaweka, alikuwa hanyanyui bunduki mpaka nimeingia nyuma ya lile jiwe kubwa pale, nimeita kwamba nimejificha mwili mzima. Kila mara. Kwa pakti nzima. Nikatoa kichwa mara moja kuchungulia, akanigombeza mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Huyo alikuwa anaijua bunduki yake. Huyo wa kwenu wa njiti na sigara simjui, na angekuwa ndiye mume wangu, mimi ningekuwa nimekufa zamani."